Milioni sita za wakala, na njia yenyewe ya kwenda kuuguza Uingereza

Swali: Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, mwaka wa nne sasa kazini katika hospitali ya wilaya mkoani Mbeya. Kuna wakala Dar es Salaam anasema atanipeleka Uingereza kwa shilingi milioni sita, nusu nilipe sasa hivi. Anasema nitaanza kama mlezi wa wazee, halafu nitapanda kuwa nesi nikiwa hukohuko. Nimlipe? Na kama si yeye, naanzia wapi? Nina mtoto wa miaka minne, baba yake hatujaoana. Naweza kwenda naye?

Jibu: Dada, usimlipe. Hata kama angeomba laki mbili jibu lingekuwa hilohilo, kwa sababu anachouza hakipo dukani. Tangu tarehe 22 Julai 2025 waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi tena kumdhamini mlezi wa wazee kutoka nje ya nchi. Mlango huo umefungwa. Anayekuahidi leo kwamba utaingia kama mlezi kisha upande kuwa nesi ama hajasoma sheria tangu mwaka huo, ama ameisoma vizuri kuliko unavyodhani.

Kuna mambo mengine mawili yanayomhusu. Sheria ya Uingereza hairuhusu wakala wa ajira kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi. Anayelipa ni mwajiri. Pili, Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yenye nchi 55 ambazo uhaba wao wa watumishi wa afya ni mkubwa kiasi kwamba nchi tajiri zinatakiwa zisije kuwachota. Uingereza huiita orodha nyekundu. Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo nazo zimo. Kwa nchi hizo, mwajiri wala wakala hapaswi kupita akisaka wauguzi, kutangaza nafasi au kufanya usaili wa makundi hotelini. Ila muuguzi mmoja mmoja akiona tangazo la kazi na kuomba mwenyewe moja kwa moja kwa mwajiri, hakuna anayemkataza. Njia yako ni hiyo, na haina dalali.

Kenya haimo kwenye orodha nyekundu. Iko kundi la kati kwa sababu ya makubaliano ya serikali mbili ya mwaka 2021, na waajiri huajiri huko kupitia makubaliano hayo. Ndiyo maana rafiki wa Nairobi anaweza kukusimulia njia aliyopita, ukaifuata, ukagonga ukuta.

Sasa unaanzia wapi. Safari hii ni ya karatasi, na karibu kila karatasi ina tarehe ya kufa. Wengi wanaokwama hawakwamishwi na akili wala uzoefu. Wanakwamishwa na mpangilio. Wanaanza na kilicho rahisi, yaani kipimo cha kifua kikuu na cheti cha polisi, kwa sababu hivyo hupatikana kwa siku chache. Kipimo cha kifua kikuu kinachokubalika kwa viza huishi miezi sita. Ajira yenyewe inaweza kuchukua mwaka. Kwa hiyo wanalipa, kinaisha muda, wanalipa tena.

Anza na majina yako. Weka mezani cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne, stashahada, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na pasipoti. Soma herufi kwa herufi. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili na leseni ina matatu? Mahali pengine umeandikwa Mwanaidi na kwingine Mwanahidi? Jina la tatu ni la babu kwenye karatasi moja na la ukoo kwenye nyingine? Mhakiki wa Uingereza hajui kwamba hayo kwetu ni ya kawaida. Yeye anaona watu wawili. Pasipoti ndiyo mama wa yote, kwa hiyo karatasi nyingine zilingane nayo. Tofauti ndogo huelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Kubadili jina kabisa kunahitaji hati inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Fanya hili kabla hujalipia mtihani wowote, kwa sababu jina utakaloandikisha kwenye mtihani ndilo litakalokufuata hadi mwisho.

Karatasi ya pili ni Kiingereza, na hapa ndipo wengi huacha meno. Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, NMC, linakubali mitihani miwili: IELTS ya Academic na OET. Kwa IELTS unatakiwa upate 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kwa OET ni B, yaani alama 350, katika hayo matatu, na C+, alama 300, katika kuandika. Ukikosa kidogo unaweza kurudia na kuunganisha matokeo ya mara mbili zilizopishana kwa muda usiozidi miezi 12, mradi hakuna alama iliyoshuka zaidi ya nusu daraja chini ya kiwango. Matokeo huishi miaka miwili.

Usijidanganye kwamba umesamehewa mtihani kwa kuwa chuoni mlifundishwa kwa Kiingereza. NMC huuliza pia lugha uliyozungumza na wagonjwa wakati wa mafunzo ya vitendo, na hutaka angalau asilimia 75 ya mazungumzo hayo iwe Kiingereza. Wodini Mbeya ulimwuliza mgonjwa anaumwa wapi kwa Kiswahili, na bibi aliyetoka Rungwe huenda ulimwuliza kwa Kinyakyusa. Hakuna chuo cha Tanzania kitakachokuandikia kwa haki kwamba ilikuwa vinginevyo.

Uchague upi? Kwa nesi aliye kazini napendekeza OET, ingawa ni ghali kuliko IELTS. IELTS itakuambia uandike maneno 250 kuhusu kama serikali itoze kodi magari ya mjini. OET inakupa faili la mgonjwa na kukutaka uandike barua ya rufaa au ya kumhamishia mgonjwa kwingine, maneno 180 hadi 200, kwa dakika 45, tano za kwanza zikiwa za kusoma tu. Ni kazi unayoifanya tayari.

Barua hiyo huanguka kwa sababu mbili. Kwanza, mwandishi anahamisha faili zima. Faili limewekwa mambo yasiyohitajika kwa makusudi: upasuaji wa kidole tumbo miaka 20 iliyopita, kazi ya mume, mzio wa vumbi. Kama unamwandikia muuguzi wa jamii atakayekuja kubadilisha bandeji ya kidonda cha mguu wa mgonjwa wa kisukari, anachohitaji ni hali ya kidonda leo, sukari inasomaje, dawa anazotumia na kama anaishi peke yake. Kidole tumbo kiache. Pili, sentensi ya kwanza haisemi lengo. Sisi tumezoea kuanza kwa salamu na historia, kisha kufika kwenye shida. Msahihishaji wa OET anataka shida ije mbele: ninakuandikia kumhusu fulani, anaruhusiwa leo, na ninaomba umfanyie hiki. Jipe miezi mitatu, barua mbili kwa wiki, zisomwe na mtu mwingine. Kuandika bila kusahihishwa ni kuzoea makosa yako.

Wakati unasubiri matokeo, fungua akaunti ya NMC mtandaoni. Ada ya kutathminiwa ni pauni 140 kwa viwango vya 2025. Kabla ya kulipa, amua kitu kimoja: kwetu unasoma uuguzi na ukunga pamoja, lakini Uingereza rejista ni mbili tofauti na kila moja ina mtihani wake. Huwezi kuomba kama muuguzi halafu ukategemea kuzalisha. Wengi huchagua uuguzi wa watu wazima kwa sababu ndiko kwenye nafasi nyingi. Kama moyo wako uko leba, jua mapema. Na kwa wenzako wenye cheti cha ngazi ya chini ya stashahada, wasitangulie na ada hii; NMC inasajili muuguzi kamili, kwa hiyo wajiendeleze kwanza.

Chuo chako kinatakiwa kithibitishe mafunzo yako, na Baraza la Tanzania lithibitishe kwamba umesajiliwa na huna shauri la nidhamu. Uthibitisho huo hutoka kwao kwenda NMC moja kwa moja. Ukiuchukua mkononi na kuutuma mwenyewe haupokelewi, hata ukiwa na mhuri mwekundu. Hatua hii huchelewa kuliko zote, na mara nyingi si kwa ubaya: ombi limeingia kwenye barua pepe ya chuo ambayo aliyekuwa akiifungua amehamishwa. Nenda chuoni wewe mwenyewe, uliza ofisi ya msajili ni anwani gani wanayoitumia sasa na nani anaijibu, ndipo uiandike kwenye fomu. Leseni yako iwe hai muda wote huo. Usiache ikapita mwaka kwa kuwa unaondoka.

Mtihani wa kwanza wa NMC huitwa CBT na hufanyika kwenye kompyuta katika vituo vya mitihani vya kampuni ya Pearson VUE. Ada ni pauni 83. Sehemu ya kwanza ni hesabu, maswali 15 kwa nusu saa. Ya pili ni uuguzi, maswali 100 kwa saa mbili na nusu. Kila sehemu unaifaulu peke yake. Hesabu ni zile za wodini: mtoto ana kilo 18, paracetamol miligramu 15 kwa kilo, dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5. Anahitaji miligramu 270, sawa na mililita 11.25. Au dripu ya lita moja kwa saa nane, seti ya matone 20 kwa mililita: mililita 125 kwa saa, matone 42 kwa dakika. Watu hawakosi hapo. Wanakosa kwenye kipimo, wanaposoma mikrogramu wakadhani miligramu, na jibu linatoka mara elfu. Kila swali, kabla ya kugusa namba, tazama vipimo vya pande zote mbili kama vinafanana.

Sehemu ya uuguzi humpiga anayejibu kwa mazoea ya kwetu. Mgonjwa mwenye akili timamu anakataa dawa, ndugu zake wanasema mpe tu. Kwetu ndugu wana sauti. Jibu la NMC ni kwamba mgonjwa mwenye uwezo wa kuamua ana haki ya kukataa, nawe unaandika na kutoa taarifa. Soma kanuni za maadili za NMC neno kwa neno, zinapatikana bure.

Ukishafaulu Kiingereza na CBT ndipo uanze kuomba kazi, kwenye tovuti ya ajira ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, na kwa hospitali zenyewe. Niseme wazi: soko si lile la 2022. Kuanzia 2024 hospitali nyingi zimepunguza sana kuajiri kutoka nje, na maombi 40 bila jibu si ajabu. Waajiri wengi wanataka angalau mwaka mmoja wa kazi ya wodi, kwa hiyo miaka yako minne ni mtaji. Eleza wodi gani, vitanda vingapi, wagonjwa wangapi kwa nesi mmoja kwa zamu, kazi zipi unazifanya bila kusimamiwa. Kuandika kwamba unajituma hakumwambii mwajiri chochote. Ofa ikija, tafuta jina la mwajiri katika orodha ya wadhamini wenye leseni iliyoko kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Jina lisipokuwemo, hakuna viza.

Kisha soma mkataba, hasa kifungu cha kurudisha gharama. Mwajiri anaweza kulipia nauli, malazi ya mwanzo na mtihani wa pili wa NMC, halafu aandike kwamba ukiondoka mapema utarudisha. Hilo si kosa lenyewe, ila deni linatakiwa liorodheshwe kwa tarakimu na lipungue kadiri miezi inavyokwenda. Kifungu kinachosema utarudisha gharama zote bila kutaja kiasi, au kinachobaki palepale hadi siku ya mwisho ya mwaka wa tatu, omba kiandikwe upya kabla ya kusaini. Ada ya mwajiri ya hati ya udhamini haruhusiwi kukutoza wewe.

Hati hiyo ya udhamini, inayojulikana kama CoS, inatakiwa itumike ndani ya miezi mitatu. Sasa ndio wakati wa kipimo cha kifua kikuu, katika kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza na si hospitali yoyote, na cheti cha polisi cha alama za vidole. Kama umeishi nchi nyingine kwa miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita, cheti cha huko nacho kinatakiwa. Viza ya wafanyakazi wa afya hadi miaka mitatu ilikuwa pauni 304 kwa viwango vya 2025, na husamehewa ile ada ya huduma za afya inayowaelemea wahamiaji wengine. Mtihani mwingine wa Kiingereza hutakiwi, ule uliokubaliwa na NMC unatosha. Kama mwajiri hajaandika kwamba atakutunza mwezi wa kwanza, uwe na pauni 1,270 zilizolala benki siku 28 mfululizo.

Hebu tujumlishe kwa viwango vya 2025: tathmini ya NMC 140, CBT 83, usajili wa mwisho NMC 153, viza 304. Ni pauni 680. Pauni ikiwa juu kidogo ya shilingi 3,000, hiyo ni milioni mbili na ushee. Ongeza mtihani wa Kiingereza, ambao hata ule wa bei nafuu ni dola mia mbili na kitu, pasipoti ya shilingi 150,000, kliniki, polisi, na nauli kama mwajiri hailipi. Wakala wako alitaka milioni sita na hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichosema atakulipia.

Ukifika hujawa nesi bado. Utalipwa daraja la 3 la mishahara ya NHS, ambalo England mwaka 2025/26 lilianzia pauni 24,937 kwa mwaka, hadi upate namba ya usajili, wenyewe wanaiita PIN. Mtihani wa mwisho ni OSCE, vituo kumi vya vitendo, pauni 794. Jaribio la kwanza linatakiwa ndani ya wiki 12 tangu tarehe ya kuanza kazi, na usajili ndani ya miezi minane. Una nafasi tatu. Wauguzi wazoefu huanguka OSCE kwa vitu ambavyo mikono yao huvifanya bila kusema: hawakusoma bangili ya mgonjwa mkononi na kulinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na namba na kadi ya dawa, hawakuuliza mzio, walinawa mikono lakini mtahini hakuona. Kwetu mnajuana, mgonjwa yuko kitanda namba sita tangu Jumatatu, bangili ya nini? Huko, dawa sahihi kwa mgonjwa ambaye hukumtambua kwa bangili ni kituo ulichofeli. Jizoeze kusema kwa sauti kila unachofanya, na ujifunze NEWS2, jedwali la kutoa alama kwa hali ya mgonjwa: upumuaji, oksijeni, presha, mapigo, fahamu na joto. Jumla ya 5 inataka daktari aitwe haraka, 7 ni dharura.

Ukipata PIN unapanda daraja la 5, ambalo mwaka 2025/26 lilianzia pauni 31,049 kwa mwaka. Kodi, bima ya taifa na pensheni zikikatwa, mkononi hubaki karibu pauni 2,000 kwa mwezi, bila nyongeza za usiku na wikendi. Chumba nje ya London hula pauni 500 hadi 700, London zaidi sana. Ndugu nyumbani wakizidisha mshahara wako kwa shilingi 3,000, waonyeshe na kodi ya chumba kwa kipimo hichohicho.

Kazini kwako usitoroke. Mtumishi wa umma akikosekana zaidi ya siku tano bila ruhusa anaingia kwenye utoro, na shauri la nidhamu litakufuata kwa Baraza na kwa mwajiri mpya atakapoomba barua ya utambulisho. Omba likizo bila malipo au jiuzulu kwa notisi. Mkopo wa HESLB, kama unao, hausafiri ukaisha. Panga namna ya kuendelea kulipa.

Uhamie moja kwa moja? Mwaka 2025 viza hii ilikuwa inakupa makazi ya kudumu baada ya miaka mitano, lakini Mei mwaka huo serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kuifanya kumi. Panga kwa kumi. Na mwajiri akikuachisha kazi, kwa kawaida hupewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Basi mwezi wa kwanza wenye salio, weka nauli ya kurudi pembeni.

Kuhusu mtoto. Nesi anaruhusiwa kuambatana na familia. Waliokatazwa, tangu Machi 2024, ni walezi wa wazee. Lakini kwa mtoto ambaye mzazi mmoja tu ndiye anakwenda, maofisa wa viza hutaka uonyeshe kwamba wewe pekee ndiye unayewajibika naye. Barua ya baba kuridhia husaidia kidogo tu. Kama baba anamsomesha, anamtembelea na kuamua mambo yake, huwezi kusema uko peke yako. Kusanya risiti za ada ya shule zenye jina lako, kadi ya kliniki, barua ya mwalimu mkuu ikitaja nani huitwa mtoto akiugua, na kama ipo, amri ya mahakama kuhusu malezi. Anza kuzikusanya sasa, kwa sababu risiti za miaka minne haziandikwi kwa wiki moja.

Hata ukikubaliwa, nenda kwanza peke yako hadi upate PIN. Zamu ya usiku hospitalini huanza kama saa moja na nusu jioni na kuisha asubuhi. Vituo vya kulelea watoto vingi hufungwa saa kumi na mbili jioni, na kwa mwezi hutoza kiasi kinachokaribia kodi ya chumba au kuipita. Bila bibi wala jirani, hapo katikati hakuna wa kumshika mtoto. Mwulize mwajiri kwa maandishi, kabla ya kusaini, kama anatoa zamu za mchana tu kwa mzazi mmoja, na kuanzia mwezi wa ngapi.